Nungwi Ilipojipikia Yenyewe

Hoteli nyingi za Nungwi hufunga kila masika. Ikifika Aprili na mvua ikaanza kunyesha bila staha, magodoro huanikwa likitoka jua la kuiba, kuta hupakwa rangi, wafanyakazi hupewa likizo, na kijiji hupumua kikingoja wageni wa Juni. Ndiyo maana mwaka 2020 wengi huku kaskazini ya Unguja hawakushtuka mara moja. Walidhani masika yamewahi tu.

Dalili zilikuwapo. Mapema Machi Zanzibar ilizuia ndege za kukodi kutoka Italia, na hilo lilikiuma kijiji ambacho mapapasi wake, vijana wa kuwatembeza wageni, huota kwa Kitaliano. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa, Arusha. Siku chache baadaye Zanzibar nayo ikawa na wa kwake, skuli zikafungwa, na kabla ya katikati ya Aprili ndege za kimataifa za abiria zikawa zimesimamishwa nchi nzima. Mwishoni mwa mwezi huohuo Ramadhani ikaandama. Zanzibar ilifungua tena milango kwa watalii tarehe 6 Juni, lakini kufungua mlango ni jambo moja na mgeni kuingia ni jingine. Mwaka 2019 visiwa vilipokea watalii zaidi ya laki tano na thelathini elfu. Mwaka 2020 hata nusu yao haikufika.

Tuwekane sawa hapa, maana siku hizi wapo wanaoisimulia 2020 kana kwamba tulikaa kama Kigali au Kampala. Hatukuwa na amri ya kutotoka ndani. Soko la Darajani halikuacha kuuza, na daladala za 116 ziliendelea kupanda Nungwi. Kilichowarudisha watu majumbani ni mfuko kutoboka. Mfuaji mashuka wa hoteli hakuwa na mashuka ya kufua, nahodha wa boti ya kupeleka wageni kuogelea Mnemba hakuwa na abiria, mchoraji wa picha za tingatinga alikaa na picha zake. Kwa miaka thelathini hivi kijiji cha wavuvi na mafundi majahazi kilikuwa kimejifunza kuwapikia, kuwafulia na kuwaendesha watu wengine. Ghafla kikabaki na jiko lake chenyewe.

Wakati huohuo simu zetu zilijaa mawaidha. Dunia nzima watu waliofungiwa ndani walikuwa wakigundua mambo: panda mboga dirishani, oka mkate mwenyewe, usitupe chakula, tumia tena chupa. Kenya, wizara ya kilimo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Mawaidha mazuri yote hayo, ila mengi yalimkuta mtu wa Nungwi akiwa ameshafika. Nyumba nyingi za kijiji hiki hazijawahi kutupa chakula, kwa sababu cha kutupa hakikuwapo. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba mtu huyohuyo anayekomba sufuria nyumbani ndiye anayelipwa mchana kumwaga mabaki ya bufee pipani.

Tazama nazi, ambayo kwa Mzanzibari ndiyo ghala. Inafuliwa kwenye kifuo, makumbi yakabaki. Yakiwa mengi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi mpaka yaoze, kisha hutwangwa yakatoa usumba, na usumba husokotwa kamba. Yakiwa machache na makavu huingia jikoni kuwashia moto pamoja na makarara. Nazi ikivunjwa, maji yake ni haki ya mtoto aliye karibu. Inakunwa kwenye mbuzi, inachujwa kwa kifumbu: tui la kwanza, zito, la mchuzi; la pili la kupikia wali au muhogo. Chicha wanapewa kuku. Kifuu kizuri kikitiwa mpini kinakuwa upawa, na vilivyobaki vinarundikwa pembeni ya mafiga. Moto wa vifuu ni mkali lakini hauna subira. Unafaa kukaanga samaki, ukiutegemea kwa maharage utalala na njaa. Mti wenyewe unatoa makuti ya paa na chelewa za ufagio. Hakuna aliyekaa akayapanga hayo kwa ajili ya kuokoa dunia. Yalipangwa na watu waliojua nazi moja ni pesa.

Masika ya 2020 hesabu ya namna hiyo ilirudi kwa nguvu, hasa kwenye moto. Makaa hupanda bei mvua zikinyesha, kuni zinarowa, mtungi wa gesi unataka fedha taslimu ya kuujaza. Basi mbinu za mabibi zikawa na kazi tena. Kunde na choroko zinarowekwa tangu usiku. Wali ukikaukia maji, makaa mawili matatu yanapaliwa juu ya mfuniko na yale ya chini yanapunguzwa, wali ukaiva kwa joto la juu na la chini huku moto ukikaribia kuzimika. Na Nungwi ina bahati ambayo vijiji vingine havina: pwani yake bado ina mafundi wa majahazi. Tezo inapochonga taruma, vibanzi huruka, na vibanzi vya mti mkavu havina mpinzani kwa kuchemshia chai ya alfajiri.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani nazisifu kuni. Moshi wa jiko la uani ndio huohuo unaoharibu vifua vya mama zetu, na makaa tunayoyapalia juu ya wali yametoka ama kwenye vichaka vya maweni vinavyozidi kupungua au msituni bara. Kama 2020 ilifunza kitu jikoni, ni kwamba mfuniko wa sufuria na kuroweka ni teknolojia zisizolipiwa. Kuni zenyewe siyo za kutamaniwa.

Kuhusu umeme, Wazanzibari walikuwa na mazoezi ya awali. Mei 2008 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara uliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii kiza kilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wale waliokuwa watu wazima wanakumbuka mambo mawili: kelele za majenereta Mji Mkongwe, na ndoo. Pampu za maji zilikuwa zimekufa pamoja na taa, kwa hiyo visima vya zamani vilivyofunikwa na kusahauliwa vikaanza kutafutwa. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013 kwa fedha za Wamarekani. Corona ilipokuja umeme ulikuwapo, ila uniti za Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, hazinunuliwi kwa shukrani. Friji ikizimwa kwa kukosa uniti, samaki wa ziada wana njia moja ya zamani: kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa wawe ng'onda.

Na samaki walikuwapo, hilo nalo tuliseme. Wanunuzi wakubwa wa pweza, ngisi na kamba kochi pwani hii ni mahoteli. Mahoteli yakifunga, kamba kochi aliyekuwa akipelekwa kwa gari ya barafu anakosa bwana, na mchuzi wa nyumbani unapata heshima ambayo haikuzoea. Bahari iliwasitiri wengi. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake walishuka na vijiti vyao kuchokoa pweza na kuokota chaza kama walivyofanya mama zao. Tatizo ni kwamba pwani ikigeuka kuwa mshahara wa kila mtu kwa wakati mmoja, haina muda wa kujirudishia. Mtando wa chandarua huzoa uduvi na makinda pamoja, na kinda aliyekaangwa mwezi wa tano hawezi kuwa changu wa mwaka unaofuata. Huko Kizimkazi na Kisiwa cha Fundo, Pemba, jamii zimewahi kukubaliana kufunga sehemu za miamba kwa miezi ili pweza wakue, kisha zikafungua kwa pamoja. Ni kazi ngumu hata kipindi cha neema. Kumwambia mtu asiyejua futari yake itatoka wapi aufunge mwamba kwa hiari, hilo nisingethubutu.

Nchi kavu kuna shida nyingine. Nungwi imekaa juu ya mawe. Udongo uko kwenye vishimo baina ya jiwe na jiwe, hauzidi kina cha mkono, na jembe la kawaida hapa ni kazi bure; unalimia mtaimbo. Hata hivyo wazee wa maweni walipata humo muhogo, mtama, kunde, mbaazi, mapapai, tikiti na pilipili, kwa sababu walijua kila kishimo kinataka nini. Kwa bahati, wafanyakazi wa hoteli walirudishwa nyumbani wakati uleule wa kupanda, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Aliyekuwa na shamba la ukoo aliweza kutia mbegu bila kumwagilia hata kopo moja.

Hapo ndipo mawaidha ya simu yalipokuwa yakipotosha. Kilimo cha dharura hakiwezi kumlisha mwenye dharura. Muhogo uliopandwa Aprili hauliwi Ramadhani ileile. Utaliwa mwakani, au karibu na hapo. Kilicholiwa masika ya 2020 ni kile ambacho mtu mwingine, mara nyingi mama au bibi ambaye hakuwahi kuajiriwa hotelini, alikuwa amekipanda mwaka mmoja kabla, watoto wake wakimwambia apumzike. Mashelisheli, majimbi na ndizi za futari zilitoka kwenye mimea iliyokwishapandwa zamani. Cha haraka ni majani. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, matembele yanachipua kwa kipande cha mti tu, majani ya kunde yanaliwa kabla kunde yenyewe haijafikiria kutoa ua. Bamia na tungule zinataka miezi zaidi ya miwili na roho ya kusubiri.

Asiye na shamba ana kiroba. Njia hii imeenea Afrika Mashariki yote na mawe ya Nungwi yanaifaa sana. Unachukua kiroba cha mchele wa mapembe kilichokwisha, unasimamisha katikati yake kopo lisilo na matako, unalijaza vijiwe, na pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unalivuta kopo juu, unaongeza vijiwe na udongo, mpaka kiroba kijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji yanamiminwa kwenye mawe, yanateremka taratibu na kugawanyika. Ubavuni unatoboa vishimo vya mchicha, juu unapanda pilipili au tungule. Mawe ndiyo kitu pekee ambacho Nungwi haijawahi kuagiza nje. Samadi inapatikana kwa ng'ombe walewale wanaotembea ufukweni jioni na kupigwa picha na wageni. Kazi iliyobaki ni kupambana na mbuzi, ambao wakiuona mchicha huwa hawamjui mwenyewe.

Lakini hata kiroba kinataka ua wa kukiweka, na si kila aliyeishi Nungwi mwaka ule alikuwa na ua. Kijiji hiki kilikuwa kimejaa vijana wa bara: wapishi, walinzi, wasusi, Wamasai wa ufukweni wenye rungu na shanga. Wao walipanga vyumba. Mpangaji hana mnazi, hana kishimo cha ukoo maweni, wala shangazi wa kumletea kibaba cha choroko. Aliyeweza alipanda boti akarudi kwao. Kwa aliyebaki, ubanaji matumizi ulikuwa ni kukata mlo mmoja, na hilo siliiti maisha endelevu hata likipambwa vipi. Nyumba mbili zinaweza kuwa ukuta kwa ukuta, zote zisitupe kitu na zote zipalie makaa, lakini moja ikalala imeshiba kwa sababu nje yake kuna shamba, pwani na kisima. Nje ya nyingine kuna mwenye nyumba anayedai kodi.

Na hapo tunafika kwenye maji, ambayo ndiyo deni kubwa la Nungwi.

Nungwi haina mto. Mvua ikinyesha hupenya kwenye mawe ikazama, na chini yake bahari inasubiri. Ukivuta sana kisimani unaanza kunywa chumvi. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa ripoti yake kuhusu maji na utalii katika vijiji vitatu vya Unguja: Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia takriban lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, hadi lita 3,195. Yaani kitanda cha mgeni, bwawa lake la kuogelea, bustani yake na mashuka yake vilikunywa maji ambayo yangetosha kaya 34 za kijiji.

Halafu ikaja corona, na amri ya kwanza ikawa: nawa mikono kwa maji yanayotiririka. Kila duka, kila msikiti, kila baraza likawekwa ndoo yenye koki. Ilikuwa amri sahihi, na visiwa hivi vinajua gharama ya maji machafu tangu kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu mjini Zanzibar. Ila ndoo haijijazi. Kuna mtu, aghalabu msichana, aliyeibeba kutoka kwenye bomba la mtaa au kisimani, na kila mpita njia aliyefungua koki kwa sekunde ishirini alikuwa akifungua mgongo wa huyo aliyeibeba.

Kwa hiyo ndani ya nyumba maji yalipewa safari ndefu. Yaliyooshea mchele yanawekwa kando kwa mchuzi au kwa kuku. Yaliyooshea mboga yanaoshea samaki, kisha yanamwagwa kwenye mgomba. Beseni likiwekwa chini ya koki ya kunawia, maji ya sabuni yanadekia au kusafishia choo. Kutawadha kwa kopo badala ya bomba kunaokoa zaidi ya nusu ya maji, na kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani amefundishwa kwamba kufuja maji hakufai hata ukiwa ukingoni mwa mto. Sabuni ina kiasi chake: mgomba unaivumilia, mchicha hauipendi.

Taka nitaipitia haraka kwa kuwa haina mengi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, na kapu la ukili halijawahi kutoka mtindoni mwa watu wazima. Chupa za maji ya kunywa ndizo mzigo, na wanywaji wakuu walikuwa hawapo. Zilizobaki zilitiwa mafuta ya nazi, ubuyu, na juisi ya futari. Uchafu mpya ulikuwa barakoa za kutupa. Mafundi cherehani walizijibu kwa barakoa za vitambaa na vipande vya kanga, zinazofuliwa na kuanikwa. Zilikuwa nzuri kuliko za dukani, na bei ilikuwa ya kibinadamu.

Kufikia mwisho wa 2020 wageni walirudi, safari hii wengi wao Warusi, Waukraine na Wapoland, kutoka nchi ambazo baridi na vizuizi viliwachosha. Mapapasi wakaanza Kirusi. Mtaimbo ukarudi nyuma ya mlango, na sioni aibu yoyote kwa kijana aliyeuacha akashika trei: shamba la mawe halishindani na mshahara wa mwezi, na hakuna mzazi wa Nungwi atakayemwambia mwanawe abaki na muhogo ili awe mfano kwa walimwengu.

Kinachonitia wasiwasi ni ardhi. Kila mwaka kiambo kimoja au viwili vya karibu na pwani vinauzwa au kukodishwa, minazi inaangushwa, ukuta unapanda. Familia inapata fedha za kujenga nyumba nzuri ndani zaidi, ya bati na vigae, isiyo na mnazi wala njia ya kushukia majini. Nyumba hiyo ni bora kwa kila kipimo tulichozoea. Likija janga jingine la kuwazuia wageni, itakuwa sawa na chumba cha mpangaji.

Nauza wazo moja kwa masheha wa kaskazini, na linaanzia kwenye bati hilohilo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la nyumba ndogo lenye mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 25, ambayo kwa masika ni ya asubuhi moja, hupokea lita 1,000, ukitoa kidogo cha kusafishia vumbi na kinyesi cha kunguru. Mfereji wa bati na pipa kubwa vinagharimu fedha ambazo kaya nyingi hazina kwa mkupuo. Vikundi vya hisa vinaweza, kama vinavyonunua vyombo vya harusi. Nyumba za makuti hazivuni maji safi, kwa hiyo zianze skuli. Paa la skuli la mita za mraba 300 kwa mvua ya milimita 30 hupokea lita 9,000, mahitaji ya siku nzima ya kaya zaidi ya tisini kwa kipimo kile cha 2012. Na hoteli inayoomba kibali cha bwawa la kuogelea iulizwe kwanza paa lake linamwaga wapi.